Karatasi Mbili Tupu

Kwa miaka yote niliyomfahamu Karani, sikuwahi kuona nywele zake. Alizifunga kwa kitambaa asubuhi na jioni, shambani na kanisani, na kitambaa chenyewe alikikaza kisogoni kwa fundo moja dogo, gumu, kama la mtu anayefunga faili. Naanza na nywele kwa sababu ndizo walizozifuata. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, si kazi yangu hapa. Anayetaka hayo akaulize misibani, huko watu wana muda.

Tulimwita Karani kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu: karani wa mahakama ya mwanzo. Jina lake la ubatizo alilitumia padri peke yake. Nyumba yake ilipakana na ya wazazi wangu, katika kijiji kilichoko upande wa milimani wa barabara ya Kidatu kwenda Ifakara. Mimi niliondoka hapo nimevaa ndala mbili zisizofanana. Nimeuza mayai ya kuchemsha stendi ya Morogoro, nimelinda ghala Dar es Salaam, nimesoma jioni wakati wenzangu wanapumzika, nikapata stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nina steshenari Mlabani, mjini Ifakara, kompyuta nne, mashine mbili za fotokopi, na kijijini nina nyumba ya matofali ambayo wapita njia huuliza ni ya nani. Najisifu, ndiyo. Nimevuja jasho, nina haki ya kujisifu. Lakini nayasema haya pia ili ijulikane kwamba katika habari hii hakuna wa kusema kwamba kijiji kilikuwa cha wajinga watupu. Mimi nilikuwepo, na mimi nimesoma.

Karani alikuwa na swali moja: "Kwa kosa gani?" Aliliuliza kwa sauti ya chini, huku mkono ukipanda kwenye sikio la kulia ambako, kati ya sikio na kitambaa, kalamu yake ilikaa siku zote. Walioitwa viongozi walilichukia swali hilo kuliko matusi. Tusi unaweza kulijibu kwa tusi.

Kuna siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu walikuwa wakichimba vyoo vya shule. Jirani yetu mmoja hakufika, mgambo wakaenda kwake wakachukua baiskeli. Walipokuwa wanaikokota kupita kwa Karani, akatoka, akaenda moja kwa moja, akaketi kwenye keria.

"Kwa kosa gani?"

"Mama Karani, shuka bwana. Huyu hakuja msaragambo."

"Nani kaandika hati ya kuchukua mali ya mtu?"

"Hati ya nini tena? Baiskeli hii tu."

"Basi andikeni sasa, nishuke."

"Hatuna karatasi, mama."

"Ninayo," akasema, akachomoa kalamu.

Walibishana mpaka wakachoka, wakaamua kuisukuma na yeye juu. Akapita kijiji kizima ameketi upande, mikono mapajani, kama bibi harusi anayepelekwa kanisani, watoto nyuma wanapiga vigelegele. Ofisini mwenyekiti wa kijiji aliona kicheko kimekuwa kikubwa, akasema baiskeli irudi. Sisi tulimshangilia Karani. Yeye hakufurahi. Aliifuata baiskeli hadi kwa mwenyewe, akamwambia: "Umepata baiskeli yako. Sasa chukua jembe ukachimbe sehemu yako. Wao hawakuwa na ruhusa ya kuchukua, na wewe hukuwa na ruhusa ya kukaa." Mtu yule alichimba peke yake, amenuna, Karani amesimama juu ya shimo.

Mtu huyo mkumbukeni.

Hakuwa mtu rahisi kumpenda. Chumvi hakuazima. Kadi ya mwaliko ikiwa na makosa aliisahihisha kwa wino mwekundu na kuirudisha kwa mwenye sherehe. Nilipokuwa naomba nafasi ya chuo nilimpelekea barua yangu, nikaipokea imejaa mistari kama mtu aliyechapwa. "Umeandika 'naomba' mara nne," alisema. "Omba mara moja. Halafu sema unachoweza kufanya." Niliiandika upya, nafasi nikapata. Hapo juu nimesema hakuna aliyenishika mkono. Naliacha neno hilo lilivyo, lakini na hili lisomwe.

Shikamoo ya kulazimishwa hakuipokea. Mzazi akimsukuma mtoto mgongoni, "Msalimie bibi!", Karani alitazama pembeni. "Mwache. Akitaka atanipa." Mimi sikukubaliana naye na sikubaliani mpaka leo, mtoto lazima afunzwe. Lakini niligundua kwamba watoto wa kijiji kile walimkimbilia yeye kumsalimia, na mwenyekiti walimsalimia wakiwa wameshikwa shingo.

Binti yake alipotaka kuolewa na kijana wa Kisukuma, wa wale wafugaji waliohamia upande wa mtoni, Karani alikataa. Alikataa kwa maneno mabaya, na mengine yalikuwa ya dharau kwa watu wale, siwezi kuyaandika. Binti akalia, akafunga nguo zake. Mama akamtolea sanduku zuri, lake mwenyewe, akasema: "Mimi nimekataa. Lakini wewe ni mtu mzima, na mlango sijaufunga." Kisha akakaa miezi bila kumtaja. Baadaye kijiji kilipotaka kuwafukuza wafugaji wote, mwenye kosa na asiye na kosa, aliyesimama na kuuliza swali lake alikuwa ni huyohuyo. Hakuwapenda. Hakuona kwamba kutokuwapenda kunampa yeye au sisi ruhusa yoyote.

Sasa tembo.

Wale wanaolima kuanzia kijiji cha Mkula kwenda Kisawasawa wanajua maana ya kulala na mpunga unaokaribia kuvunwa, ukaamka na tope. Tembo hushuka kutoka milimani, na wakishakula hawaachi hata pa kushika. Karani alikuwa amesikia kwenye redio habari za uzio wa pilipili. Akaloweka matambara kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, akayaning'iniza kwenye kamba kuzunguka shamba lake lote. Aliwaita watu awaonyeshe. Walikuja wakacheka. "Mama Karani anawaanikia tembo nguo!" Hakuna aliyeiga.

Mwaka ule tembo walikula mashamba ya kijiji kizima, wakazunguka shamba la Karani, wakaendelea mbele.

Nataka msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Kamba ilikuwepo. Matambara yalikuwepo, yananuka mpaka barabarani. Watu walipita hapo kila siku. Na bado watu hao walirudi nyumbani wakasema: huyu ndiye anayewatuma.

Kwetu bondeni, anayetuhumiwa uchawi hunyolewa. Anapelekwa kwa mnyoaji, ananyolewa nywele zote, ananyweshwa dawa, anaambiwa nguvu zake zimeisha na aende akakae na wenzake kwa amani. Wapo wanaokwenda kwa hiari, wakidai wanajisafisha. Wengi wanapelekwa. Ukiuliza, utaambiwa ni huruma, kwingine watu wanauawa. Nimechoka na huruma hiyo. Ni huruma gani inayokuja na mgambo?

Mwenyekiti akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nirudi bondeni, nyumba yangu imeezekwa juzi, bati bado linaumiza macho. Mwenyekiti alinifuata dukani.

"Msomi wetu," akasema, "hatutaki fujo. Tutapiga kura ya siri, kila mtu aandike anayemshuku. Na kura zihesabiwe kitaalamu. Nani mwingine kama si wewe?"

Nilifurahi. Niandike ukweli: nilifurahi. Nilikata karatasi zote sawasawa kwa mashine yangu. Nilitengeneza sanduku, nikalizungushia utepe wa gundi, nikalitoboa juu. Nyuma ya kila karatasi niligonga muhuri wa steshenari yangu ili isiingie ya bandia. Nilijiambia kwamba angalau jambo litafanyika kwa utaratibu. Hilo ndilo kosa letu sisi tuliosoma kidogo. Tunadhani uovu ukishapangwa kwenye safu na kujumlishwa vizuri, unakuwa uamuzi.

Karani alisimama kabla karatasi hazijagawiwa. Mkono sikioni.

"Mwenyekiti, kwa kosa gani?"

"Hatumshtaki mtu, mama. Tunawauliza wananchi tu."

"Mnawauliza nini?"

"Anachokijua mtu moyoni mwake."

"Tembo wenyewe wanamjua!" mmoja akapiga kelele nyuma, uwanja ukacheka.

Akaketi. Karatasi ilipomfikia aliipokea kama wengine, akaikunja, akaitumbukiza. Mimi nami nilipewa yangu. Nikaishika. Niliwatazama watu niliokua nao, nikatazama kile kitambaa chake mstari wa mbele, na mkono wangu haukuandika kitu. Nikaikunja ikiwa tupu nikaitia sandukuni, nikajiona nimefanya jambo la maana sana.

Kisha nikahesabu. Kila karatasi niliifungua, nikaisoma kwa sauti, nikaionyesha kulia na kushoto. Karani. Karani. Mama Karani. Karani mstaafu. Mmoja aliandika "yule jirani wa msomi", nikalisoma na hilo, watu wakanipigia makofi. Wanawake wa jumuiya ya kanisa waliokuwa wakisali sebuleni kwake kila wiki walikuwepo wote, na miandiko yao naijua, nimewachapia kadi za michango. Rundo lake lilimeza marundo mengine yote. Mwishoni nikatangaza: "Na kura mbili zimeharibika."

Karani akasimama. "Hesabu ni sahihi," alisema. "Nimeifuatilia. Sasa nisikilizeni. Kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai. Kila aliyeandika jina langu amefanya kosa, na huyu msomi ameyahesabu makosa yenu moja moja na kuyagongea muhuri. Ushahidi mzuri kuliko huu sijauona kwa miaka yote niliyokaa mahakamani."

Kisha mwenyekiti akasema, "Wananchi wameamua," mgambo wakasogea.

Mimi nikamfuata. Nilimnong'oneza, na maneno haya nitakufa nayo: "Mama, kubali tu yaishe. Nywele zinaota."

Akanitazama toka viatu hadi kichwani. "Kama zinaota," akasema, "anza wewe."

Walimpeleka. Hakubebwa wala hakuburutwa. Alisema atatembea mwenyewe, na mkono wa aliyemgusa aliuondoa. Isipokuwa mmoja aliyemng'ang'ania kiwiko mpaka kwa mnyoaji, na huyo alikuwa yule mwenye baiskeli. Mimi sikufuata. Nilikwenda nyumbani kwangu kwenye bati jipya, nikala wali na samaki, nikashiba.

Jumapili iliyofuata Karani aliingia kanisani bila kitambaa.

Nilisema sikuwahi kuona nywele zake. Siku ile niliona mahali zilipokuwa. Kichwa kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, cheupe kuliko uso, kina mikwaruzo ya wembe, na mmoja mrefu ulipita juu ya sikio la kulia, pale pa kalamu. Kalamu yenyewe ilikuwepo, imekaa kwenye kidonda. Alikwenda benchi la mbele. Baada ya misa mmoja wa wanawake wa jumuiya alimvuta pembeni.

"Dada, jifunike basi. Unatutia aibu."

"Mnaiona?" Karani akauliza. "Vizuri. Hiyo ni yenu. Siwezi kuwafunikia."

Muuza duka wa barabarani, Mwislamu mwenye asili ya pwani ambaye hakuhudhuria mkutano kwa sababu aliuita mkutano wa dhambi, alimpelekea kanga mpya, doti nzima, bila neno. Karani aliirudisha kwa mikono yake. "Nakushukuru, baba. Nitaichukua zikishaota." Alikwenda kichwa wazi sokoni, kwenye misiba, kwenye mikutano. Wiki hadi wiki kijiji kilitazama nywele zake zikirudi, nyeupe, fupi, na kila aliyeandika jina lake alilazimika kupima kwa macho muda uliopita tangu alipoliandika.

Msimu uliofuata tembo walirudi. Wakala walikokula. Wakazunguka walikozunguka. Hakuna aliyeomba radhi. Ila mmoja mmoja, kwa kupitia mlango wa nyuma, walianza kwenda kwa Karani kuuliza vipimo vya oili na pilipili. Na yeye aliwaelekeza! Hilo lilinitia hasira kuliko yote. Nilimuuliza kwa nini. "Pilipili siyo yangu," alijibu. "Kama ningewanyima, ningekuwa mimi ndiye ninayeamua nani ale na nani asile." Mimi nisingewaelekeza. Nasema wazi, ningewaacha walie.

Mara ya mwisho tulipoonana ana kwa ana ni dukani kwangu Mlabani, saa za mchana, wateja wamepungua. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kazini vya zamani. Nywele zilikuwa zimefika mahali pa kuitwa nywele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitolee nakala tatu."

Yalikuwa malalamiko yake, kurasa sita kwa mwandiko wa karani, ya kupeleka mbele ya sheria. Nilitoa nakala huku nasoma, kama tunavyosoma wote wenye mashine. Kila kitu kilikuwemo: tarehe, uwanja, sanduku, mnyoaji. Ukurasa wa mwisho uliandikwa "Mashahidi" na chini yake hapakuwa na jina hata moja.

"Nimezunguka nyumba zote," akasema. "Wote walikuwepo, na hakuna aliyeona."

Nikamrudishia kurasa zake. Ofisi ya kijiji huleta kazi zake kwangu. Mihtasari yao yote naichapa mimi. Alilijua hilo. Hakuniomba. Alipanga nakala zake, akazigonga kwenye meza zikae sawa, kisha akauliza, kama mtu anayejaza nafasi iliyobaki kwenye fomu:

"Zile kura mbili ulizosema zimeharibika, zilikuwa na nini?"

"Hazikuwa na kitu. Zilikuwa tupu."

"Moja ilikuwa yangu. Mimi siwezi kumwandika mtu. Ya pili nimeitafuta kijiji kizima. Nimetazama nyuso, nimeuliza kwa kuzunguka. Nilitaka kumjua mtu huyo kabla sijafa."

Mashine ya fotokopi ilikuwa bado inapuliza joto. Nilisema, "Ilikuwa yangu, mama."

Nilitegemea atanishika mkono. Nilikuwa tayari kushukuriwa, ndivyo nilivyo. Uso wake ulibadilika, nikaona kitu ambacho sikukiona hata siku ya mgambo.

"Tulikuwa wawili," akasema. "Nilitembea toka shuleni mpaka kwa mnyoaji nikijua niko peke yangu. Kila hatua. Kumbe tulikuwa wawili, na wewe ulisimama mbele ya watu wote, karatasi iko mkononi mwako, ukasema imeharibika."

Mteja aliingia, akatutazama, akatoka.

Nilivuta ukurasa wa mashahidi. Nikachukua kalamu yangu nzuri, ile ya kusainia mikataba, nikaandika kwamba nilihesabu kura, kwamba karatasi na muhuri vilikuwa vyangu, kwamba mbili zilikuwa tupu na hazikuharibika, na kila moja ilikuwa ya nani. Chini nikaandika jina langu kamili, na mbele yake, kama ninavyoandika kila mahali mpaka kwenye risiti, nikaongeza stashahada yangu.

Akaigeuza karatasi upande wake, akasoma. Akachomoa kalamu sikioni, ya wino mwekundu, akapiga mstari mmoja juu ya stashahada.

"Hii haikuwepo uwanjani," akasema. "Saini hapo. Mtu aliyekuwepo."

Nikasaini.